Gari Lisilozimwa Ukweni

Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni hapa Bariadi, mfuko wa nyanya mkononi, mara lori la pamba likanipita likipiga yowe chini ya boneti. Nyuma yake ikabaki harufu ya mpira unaoungua, ile ya mkanda wa injini unaoteleza. Waliokuwa karibu waliziba pua. Mimi nilisimama palepale nikaivuta kwa nguvu zote, mpaka muuza vitunguu akaniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Siumwi, nikamwambia. Nilikuwa nimerudi darasa la pili, nimeng'ang'ania kiti cha pikapu ya Baba kwa mikono miwili, nimeapa moyoni kwamba sishuki hata waje na kamba.

Hiyo pikapu, jamani! Nasikia ilikuwa nyeupe. Mimi niliikuta rangi ya vumbi. Baba aliinunua ikiwa imeshazeekea kwa watu wengine, na injini yake ya dizeli ilitikisa vikombe vya majirani kila asubuhi. Baba ni Mrangi wa Kondoa. Alikuja Usukumani kufuata biashara, akamwona Mama, biashara ikawa sababu ya pili ya kubaki. Alizunguka minadani, leo Dutwa, kesho kwingine, akiwauzia wafugaji na wachuuzi vitu vya baridi: maji, soda, na juisi ya ukwaju aliyokamua Mama. Nyuma ya pikapu alifunga friza linaloendeshwa na umeme wa gari. Juu ya paa akaweka spika kubwa ya kuitia wateja. Ubavuni akazungusha taa za rangi, ambazo mpaka leo sijui zilisaidia nini kwenye jua la saa saba mchana. Minadani kote walimwita Mzee wa Baridi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa, mapambo yote hayo yalinyonya umeme, na altaneta ya gari ilikuwa ileile ndogo iliyotoka nayo kiwandani. Altaneta, kwa asiyeijua, ni kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini, kikatengeneza umeme na kuijaza betri. Ya kwetu iliundwa kwa ajili ya taa za mbele na honi. Ikishindwa kulilisha friza, friza linamalizia kwenye betri, na betri inakufa. Injini ya dizeli ikishawaka inaendelea yenyewe, lakini ukiizima na betri imekufa, haiwaki tena mpaka watu wasukume. Kwa hiyo Baba alikuwa na sheria moja: gari halizimwi nje ya nyumbani. Nyumbani kwetu pana mteremko. Aliliegesha pua ikitazama chini, asubuhi akaliachia, likateremka, likakohoa, likawaka. Mimi nilidhani huo ni mchezo wake wa asubuhi, na nikitoka kwenda shule nilimpigia makofi.

Ukweni kwa Baba ni Sola, kule Maswa. Uwanja wa Guku, yaani babu yangu mzaa mama, ni tambarare kabisa, ukiweka chungwa chini halisogei. Kila alipotupeleka, Baba aliingia na gari hadi katikati ya uwanja, akavuta hendibreki, akashuka na kuliacha linanguruma.

"Mwadila, baba," alimsalimu Guku, ameinamisha kichwa.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo salamu za Kisukuma ndiyo kwanza zimeanza. Bado mvua, bado ng'ombe, bado pamba, bado afya za watu wote mpaka wale waliohama zamani. Baba alijibu huku jicho liko kwenye gari. Aliletewa kigoda, akakalia ukingo. Aliletewa maji, akayanywa amesimama. Kisha akasema mnada unamsubiri, akaaga, akaondoka na vumbi lake, akaturudia jioni, na jioni nako ni hivyohivyo, honi na moshi, haya pandeni twende.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bibi, kwa sababu ya jogoo. Baba ni Mwislamu, na kwa Guku hakuna Mwislamu, kwa hiyo Bibi kwa heshima yake alimtenga jogoo mmoja akae hai mpaka mkwe aje amchinje mwenyewe kwa mkono wake, aliwe. Mkwe hakukaa, jogoo hakuchinjwa. Tukienda, yupo. Tukirudi tena, yupo, na makucha yameongezeka. Akawa mkali, akatufukuza sisi wajukuu mpaka mlangoni mwa choo, na hakuna aliyeruhusiwa kumpiga hata kwa kijiti kwa sababu ni mali ya mkwe. Bibi hakumwambia Baba kitu. Wao hawazungumzi ana kwa ana, ndiyo heshima yao. Akiwa na neno hulipitisha kwa Mama. Alimrushia tu jogoo mtama huku akiguna.

Mtaniuliza, kwa nini huyo mwanaume asiseme tu kwamba gari halina umeme? Hamjui wanaume nyie. Baba alipokuja kuposa, kuna wajomba waliosema huyu hana hata ndama, kwao ni mbali, atampeleka wapi binti yetu. Baadaye alitoa ng'ombe kama wengine, lakini kilichowanyamazisha ni ile pikapu. Leo aseme haiwaki? Na akishasema, atakayeisukuma ni nani? Baba mkwe. Mashemeji. Mama mkwe ashike bampa! Kwa Msukuma, na kwa Mrangi vilevile, mkwe akishasukumwa na wakwe zake amekwisha, hana uso tena. Baba akaona bora waseme ana kiburi. Akamwapisha na Mama asifungue mdomo, na Mama, aliyekuwa ameshalitambia hilo gari kwa ndugu zake wote, akanyamaza naye.

Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichokijua mimi ni habari ya Kabula. Kabula alikuwa anakaa na mimi dawati moja, akiishi kwa bibi yake. Siku moja wakati wa mapumziko, tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamuuliza baba yake yuko wapi. Akasema hajui. "Alitushusha kwa bibi na begi letu," akaniambia huku anatafuna, "hakuzima hata pikipiki." Tangu siku hiyo baba yake hakuonekana tena.

Wee! Maneno hayo yaliniingia. Kumbe mtu anayetaka kuwaacha watoto wake hazimi! Nikakumbuka uwanja wa Guku, nikakumbuka gari letu linavyonguruma katikati yake na Baba amekalia ukingo wa kigoda, nikaona kila kitu waziwazi. Baba alikuwa anafanya majaribio ya kutuacha. Siku moja angeondoka vile na jioni asirudi. Tangu hapo tukifika Sola nilikuwa sishuki. Walinitoa kwa kunibeba, miguu inarusha mateke. "Huyu mtoto mjini kumemharibu," alisema Mama kwa aibu, na mjomba Masanja, kaka yake, akajibu, "Amefuata kwa baba yake. Na yeye anatuona sisi tunanuka."

Basi ikafika siku ile Guku alipopiga simu. Simu ya Mama ilikuwa imeharibika, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na Guku naye akiongea na simu anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Nyumba nzima tulisikia.

"Jumamosi Minza analetewa ng'ombe," alisema. Minza ni mdogo wake Mama wa mwisho. "Wakwe zangu wote watakaa na wazee. Mume wako na yeye akae. Akija akaondoka kama anavyofanya, wewe na watoto mnabaki hapa. Wazee wake waje kutoka Kondoa watueleze tumewakosea nini."

"Baba, siyo hivyo," alisema Mama.

"Ni vipi basi?"

Mama akamtazama Baba. Baba akatazama sufuria. Simu ikakatika, na mimi nikafukuzwa nje nikacheze. Nilicheza na nani? Nilikaa nyuma ya ukuta, sauti zao zinapanda na kushuka, sisikii maneno. Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu, na Mama si mtu wa kulia. Mnabaki, Guku alisema. Wewe na watoto mnabaki.

Kesho yake Baba akanichukua twende kwa Fundi Shoti. Huyu alikuwa fundi umeme wa magari, mnene, mwenye maneno kuliko redio, na jina lake lilitokana na nyusi ambazo zilishaungua zamani kwa shoti ya umeme. Baba alitaka betri mpya.

"Utanunua betri mpaka lini, Mzee wa Baridi?" Fundi Shoti alimkatiza. "Betri ni mtungi tu. Anayekwenda kisimani ni altaneta, na hii yako ni kitoto kidogo, umekituma kikalete maji ya harusi!"

Akamvuta mpaka kwenye lundo la vyuma, akatoa altaneta moja kubwa, nzito, aliyoichomoa kwenye basi dogo lililopata ajali. Lilikuwa basi la kiyoyozi na muziki, akasema, hii imezoea kulisha wengi. Ilipoanza kufungwa ikakataa kukaa. Matundu hayakulingana, ikabidi breketi ichomelewe upya. Waya uliokuwepo ukaonekana mwembamba kwa umeme mwingi hivyo, ukaletwa mwingine mnene kama kidole gumba changu. Mchana wote Baba alikuwa anatembea kutoka gari hadi kwa mchomeleaji, na kutoka kwa mchomeleaji hadi gari.

Wakaiwasha. Wakafungulia friza. Weee, mkanda ukapiga ukelele uliomtoa jirani nje, moshi ukafuka, na ile harufu ya mpira ikanijaa mpaka kooni. Baba akarukia swichi kama mtu aliyeona nyoka. Kisha akakaa juu ya tairi, mikono kichwani.

"Jumamosi, fundi," alisema. "Jumamosi ni keshokutwa."

"Hata mimi nina wakwe," alijibu Fundi Shoti, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Puli ya mkanda haijakaa mstari mmoja, na mkanda wako umezeeka. Nitaifungua yote. Uje kesho."

Kesho yake haikupiga yowe. Waliwasha friza, wakawasha taa za mbele, taa za rangi, spika, waipa, kila kitu kwa pamoja, na mwanga haukufifia hata kidogo. Fundi akalizima gari. Akamwambia Baba apande, azungushe ufunguo. Likaitika mara moja! Baba akashuka anacheka, akampiga Fundi Shoti mgongoni, akasema kwa sauti kubwa, "Sasa hata Kondoa hili linafika!"

Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Kondoa! Kumbe alikuwa anafunga mtambo wa kumfikisha kwao. Tuliporudi nyumbani nikamkuta Mama anapakia nguo kwenye begi kubwa, kwa sababu sherehe ile ingekuwa ya siku kadhaa, na mimi sikuambiwa. Niliona begi tu. Nikakumbuka begi la Kabula. Usiku ule sikula, nikasingizia tumbo.

Jumamosi tukaondoka. Baba alijaza friza soda za wageni, akaliacha linafanya kazi njia nzima. Mama alipakata begi, mimi katikati, Baba analamba midomo yake kama ana kiu. Najua sasa alichokuwa anawaza: kwa fundi liliwaka, je, ukweni litawaka? Akizima likagoma mbele ya wakwe wote na wageni wa ng'ombe, itakuwa ile aibu aliyoikimbia muda wote. Asipozima, anarudi Bariadi peke yake.

Uwanja wa Guku ulijaa. Wazee walikaa karibu na zizi, wakwe wengine wameshapata vigoda vyao, na kigoda kimoja kiko wazi. Mjomba Masanja alisimama mlangoni amekunja mikono. Baba akaingia mpaka katikati, mahali pake pa siku zote, akavuta hendibreki. Injini ikanguruma. Hakuna aliyekuja kutupokea, walitutazama tu. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Nikamwona Baba ameshika ufunguo bila kuuzungusha, na mimi machozi yakaanza kunitoka kwa sababu nilijua ndiyo sasa.

"Bismillahi," alisema, akazungusha.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia njiwa juu ya paa. Nilisikia ng'ombe wakitafuna. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kuna kitu kimepasuka. Mjomba Masanja akakunjua mikono akaja mbio kidogo, na kwa sauti ya wema kabisa, ambayo sikuitegemea, akasema, "Shemeji, limeharibika? Tulisukume?"

"Hapana, shemeji," alisema Baba. "Nimelizima."

"Umelizima?"

"Nimekuja kukaa."

Mama akatoa pumzi ndefu, akashuka na begi lake. Baba akaenda mpaka kwenye kile kigoda, akavua viatu, akakikalia chote. Guku akaanza salamu, na safari hii zilifika mwisho. Mimi sikushuka. Nani wa kunidanganya? Ufunguo si bado upo mahali pake? Lakini kwa kuwa injini ilikuwa imenyamaza na dirisha liko wazi, mambo yote ya uwanjani niliyasikia kutoka palepale kitini. Niliona jogoo akifukuzwa, akikamatwa kwa shida na wajomba, Baba akimchinja. Alichemshwa tangu ng'ombe wa Minza wanaingia mpaka wamekubaliwa, na bado alikuwa mgumu. Baba alimtafuna wote, jasho linamtoka, na kila aliyemtazama alicheka mpaka wazee.

Nadhani ni ile shibe iliyomfungua mdomo. Guku alimwambia, "Mkwe, mimi nilifikiri gari lako halina pa kuzimia." Baba akacheka kidogo, kisha akasema yote: betri, friza, altaneta, mteremko wa nyumbani, jinsi alivyoogopa kwamba baba mkwe atashika bampa. Nikaona bega la Guku linatikisika, nikadhani amekasirika.

"Miaka yote hiyo," alisema Guku akijifuta machozi ya kicheko, "na mimi nina maksai wamelala zizini! Ningewafunga nira wakalivuta mpaka Bariadi, wewe umekaa ndani umeshika usukani kama mkuu wa mkoa! Sasa wewe ukaona bora nikudhanie mshenzi?"

"Nisamehe, baba. Niliona haya."

"Haya ya nini kwa baba yako? Nenda kaliwashe nilisikie."

Baba akaja, akafungua mlango, akanikuta.

"Zuhura! Tangu asubuhi umo humu?"

"Sishuki."

"Kwa nini mwanangu?"

"Utatuacha. Utaenda Kondoa. Baba yake Kabula hakuzima pikipiki."

Nilitegemea acheke, kwa sababu siku hiyo kila mtu alikuwa anacheka. Hakucheka. Alinitazama, akatazama ule uwanja, nadhani akaona alivyokuwa akionekana kutoka kwenye kile kiti. Akapanda, akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. "Zima!" akapiga kelele Guku. Akazima. "Washa!" Likawaka. "Zima tena!" Yule mzee alimchezesha hivyo mpaka Bibi akafunika uso kwa kanga kwa kucheka. Mwisho Baba akauchomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

"Kaa nao wewe," alisema. "Bila huu siendi hata hapo barabarani."

Jamani, sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Kitu kizito kilichokaa kifuani tangu siku ya michembe kilitoka kikaenda zake. Nikashuka mwenyewe, kwa miguu yangu. Mama alikuwa amekaa juu ya begi anacheka na kulia kwa pamoja, akaniuliza nina nini mkononi, nikamwambia sisemi. Nilikula ugali sahani mbili. Nikacheza na binamu zangu mpaka nguo ikachanika, mkono mmoja nimeufumba muda wote.

Asubuhi Baba alikuja mpaka mlangoni kwa Bibi, tulikolala watoto, akaita kwa sauti ya chini kuuliza ufunguo. Kulikuwa na mnada, na friza linahitaji kujazwa vinywaji. Bibi, aliyekuwa anafagia, akageuka kumtazama Mama, akasema kwa sauti ya kumfikia Baba vizuri, "Mwambie mume wako mtoto amelala. Asimwamshe."

Mama akamwambia, ingawa Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale.

"Mwambie mama nimesikia," alisema Baba. Nikasikia kigoda kikivutwa uwanjani, na Baba akiuliza kama uji upo. Mimi nilikuwa macho tangu majogoo wa jirani walipowika, ufunguo nimeubana kwapani. Nikafumba macho zaidi.